Vijana Wetu na Kazi ya Kwanza katika Njia ya Uuguzi

Wanachama wenzetu,

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yakisha kutangazwa, sisi makarani wa Ushetu hupata wageni wengi. Hawa hawaji kwa mashauri ya mashamba wala kwa madai ya mizani ya tumbaku. Ni baba na mama waliotoka Ulowa, Bulungwa, Chambo na Ukune, kila mmoja na mtoto wake nyuma yake, na karatasi ya matokeo imekunjwa vizuri ndani ya bahasha. Huketi kwenye benchi, husalimu kwa adabu, kisha husema: "Bwana Karani, mtoto huyu ataka kuwa mwuguzi. Tuandikie barua. Aanzie wapi?"

Swali ni fupi, lakini jibu lake laweza kumweka kijana mahali pema maisha yake yote, au kumfunga mahali asipoweza kutoka. Na kwa kuwa sisi ndio tunaoulizwa, haitupasi kujibu ovyo. Ndiyo maana twaomba nafasi katika gazeti letu hili, tuseme tunayoyaona, ili kila mwanachama aliye ofisini na kila mzazi aliye miongoni mwetu apate kuyapima.

Watu wa kwetu wana majibu matatu. Wa kwanza husema, "Ingia hospitali kwa kazi yoyote, hata ya kufagia, kwa maana aliye karibu na chungu ndiye apataye ukoko, miaka ikipita watakupandisha." Wa pili husema, "Kaa nyumbani, usijishushe, ungoje nafasi ya chuo." Wa tatu huuza ng'ombe, au huchukua fedha yote ya msimu wa tumbaku, akampeleka mtoto kwa chuo cha kwanza chenye kibao barabarani. Sisi twaona ya kuwa wote watatu wana sehemu ya kweli, na wote watatu wamekosea.

Maoni yetu ni haya. Kazi ya kwanza katika zahanati au hospitali ni jambo jema, walakini ni jema kwa yule tu ambaye kabla ya kuingia ameujua mlango wa kutokea. Miaka ya kazi peke yake haimgeuzi mhudumu kuwa mwuguzi. Kinachomgeuza ni masomo, na masomo yana masharti yake. Asiyeyajua masharti hayo siku ya kwanza atayajua siku ya mwisho, wakati nywele zimekwisha kuwa nyeupe.

Twamjua mama mmoja. Jina lake hatulitaji, wala zahanati yake, kwa kuwa si haki kumwaibisha mtu wala mahali. Mama huyu aliingia kazi ya uhudumu akiwa msichana, akafanya miaka 19. Alifua mashuka, akatakasa vyombo, akabeba vipimo kwenda maabara, akawalisha wasio na ndugu. Palikuwa na mwuguzi mmoja tu, na mwuguzi yule alipokwenda likizo au semina, akina mama wenye uchungu waliletwa usiku kwa baiskeli na baadaye kwa bodaboda, na mlango ulifunguliwa na mama huyu. Kijiji kizima kilimwita "nesi." Watoto wengi wa pale waliona mwanga wa kwanza mikononi mwake.

Siku moja alikuja ofisini kwetu. Mwuguzi mpya alikuwa ameletwa kusimamia zahanati, binti wa umri wa mwanawe, mwenye leseni na adabu nzuri. Mama akasema hana wivu, bali naye sasa ataka kwenda chuo, tumjazie fomu. Tukajaza jina, tukajaza mwaka wa kuzaliwa, tukajaza shule. Tulipofika penye masomo aliyofaulu, tukamwuliza habari ya Kemia. Akasema Kemia aliiacha kidato cha tatu. Tulinyamaza, naye akanyamaza. Kisha akasema kwa upole, "Kumbe miaka yote hii nimesimama katika foleni isiyokuwa yangu."

Maneno yale hayajatutoka. Mama huyu hakuwa mvivu, wala hakukosa akili, wala hakukosa huruma kwa wagonjwa. Alikosa neno moja tu, ambalo karani aliyemwandikia barua ya kwanza angeweza kumwambia kwa dakika tano. Karani yule hakusema, na bwana aliyempokea kazini hakusema. Kila mmoja alidhani mwingine amekwisha kusema.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Katika miaka ya 1920 serikali ya Tanganyika ilianza kuwafundisha vijana walioitwa madresa, wakae katika zahanati za serikali za wenyeji. Walifundishwa kwa muda mfupi, wakajua kufunga vidonda na kutoa dawa chache, wakarudi kwao kuwahudumia watu ambao hospitali ilikuwa mbali nao mwendo wa siku kadhaa. Wazee wetu waliwaheshimu, na ilikuwa haki kuwaheshimu. Lakini dresa kwa kawaida alibaki dresa. Ngazi yake ilikuwa na kipandio kimoja tu, na akisha kukikanyaga hakuna kingine juu yake.

Baada ya Uhuru, katika miaka ya 1970, nchi ilifundisha wanawake wa vijijini, wengi wao wa darasa la saba, kuwa wahudumu wa afya ya mama na mtoto. Hao nao walianza chini. Tofauti ni kwamba baadaye njia ilifunguliwa, na baadhi yao wakarudi darasani wakatoka wauguzi kamili. Bidii ya madresa na bidii ya akina mama hao ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni kwamba hawa wa pili waliwekewa kipandio cha pili. Kwa hiyo mtu anapotaka kujua kama kazi fulani ya mwanzo ni njema, asiulize tu mshahara wake na sare yake. Aulize, "Kipandio cha pili kiko wapi, nami nahitaji nini ili nikikanyage?"

Basi na tuseme wazi kipandio hicho ni kipi. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 yasema mtu hafanyi kazi ya uuguzi pasipo kusajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Hasajiliwi asiyesoma katika chuo kinachotambuliwa. Masomo ya stashahada ya uuguzi na ukunga ni ya miaka 3. Shahada ni ya miaka 4, nayo ilianza kufundishwa Muhimbili mwaka 1988. Na ili kijana wa kidato cha nne apokewe katika stashahada, yampasa awe amefaulu masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Akiwa amefaulu Hesabu na Kiingereza pia, hiyo ni nguvu ya nyongeza.

Hapo ndipo penye shida ya watoto wetu. Kwa mtaala tuliosoma sisi, na waliosoma vijana wengi wanaokuja ofisini leo, Baiolojia ilikuwa ya lazima kwa kila mwanafunzi, lakini Kemia na Fizikia mtu aliweza kuziacha aingiapo kidato cha tatu. Mtoto wa miaka kumi na sita, katika shule yenye mwalimu mmoja wa sayansi au isiyo na hata mmoja, huambiwa achague. Huchagua kule walikokwenda rafiki zake. Siku ile hakuna anayemwambia ya kuwa akiiacha Kemia ameuacha na uuguzi. Wazazi hudhani mtoto huchagua kuwa mwuguzi baada ya kumaliza shule, kumbe ameamua kidato cha tatu, naye mwenyewe hajui kwamba ameamua.

Tunasema haya kwa kuwa yalitupata sisi wenyewe. Tulisoma sekondari ya misheni, tukapenda sana kazi ya utabibu, hasa tulipowaona masista wa zahanati wakiamka usiku kwa ajili ya mtu wasiyemjua. Lakini mizani ya kikemia ilitushinda, tukaiacha, tukakimbilia Historia na Uraia. Leo tu makarani, na kazi hii twaipenda, ila hatukuichagua kati ya mbili, ndiyo iliyobaki. Hatupendi kijana mwingine akose kwa namna hiyo.

Sasa tuzitazame kazi zenyewe ambazo kijana aweza kuanza nazo, moja baada ya nyingine, kama mtu achaguavyo mbegu kabla ya mvua.

Ya kwanza ni uhudumu wa afya katika zahanati, kituo cha afya au hospitali. Anayeajiriwa huwa amemaliza kidato cha nne na kupata mafunzo mafupi, kwa kawaida ya mwaka 1. Kazi yake ni kutakasa vifaa, kutandika vitanda, kumwosha na kumlisha mgonjwa asiyejiweza, kupeleka vipimo maabara na kuchukua dawa stoo. Faida yake ni kubwa kuliko watu wadhanivyo. Hapa kijana atajua kama moyo wake wastahimili harufu ya kidonda, kilio cha usiku na kifo cha mtoto. Wako waliolipiwa ada ya chuo wakakimbia wodini mwezi wa kwanza, na fedha ya wazazi imekwisha kwenda. Mwaka mmoja wa uhudumu ungewaonyesha mapema. Hasara yake ni ile ya mama tuliyemtaja: kazi yachosha, zamu ni za usiku na mchana, kijana arudipo nyumbani hana nguvu ya kufungua kitabu, na siku huwa miaka.

Ya pili ni kuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Tarehe 31 Januari 2024, Makamu wa Rais wa wakati ule, Dkt. Philip Mpango, alizindua mpango wa taifa wa kuwafundisha wahudumu wa namna hii 137,294 kwa muda wa miaka mitano, ili kila kitongoji na kila mtaa upate wawili. Mafunzo yake ni ya miezi 6. Mhudumu huyu hakai wodini. Hupita nyumba kwa nyumba, hutazama kama mama mjamzito amehudhuria kliniki, kama mtoto amechanjwa, kama kikohozi cha baba kimezidi wiki mbili, kisha huwapeleka wanaohitaji zahanati. Katika nchi yetu hii ya dhahabu, ambako vijana hushuka mashimoni kuvuta vumbi la mawe na kushika zebaki kwa mikono mitupu, mtu wa kuuliza habari ya kikohozi ni mtu wa thamani. Faida nyingine ni kwamba hukaa kwake, hula chakula cha shamba lake, na jioni aweza kusoma. Hasara ni kwamba asitegemee utajiri, wala asidhani cheti cha miezi 6 ni cha uuguzi. Si cha uuguzi.

Ya tatu ni kuuza dawa katika duka la dawa muhimu. Maduka haya yalianza kujaribiwa mkoani Ruvuma mwaka 2003, yakaenea nchi nzima mahali pa yale yaliyoitwa ya dawa baridi. Anayetoa dawa pale ni sharti awe na msingi wa mafunzo ya afya, kisha afundishwe utoaji wa dawa. Kijana hujifunza majina ya dawa, vipimo vyake na madhara yake, na hayo yatamfaa chuoni. Lakini hapa pana mtego. Mwenye duka ataka fedha, na mteja ataka vidonge vinne vya antibiotiki badala ya dozi nzima kwa kuwa mfuko wake ni mwepesi. Kijana asiye na msimamo atauza vinne, na kesho atauza vinne tena, mpaka azoee. Huyo ameanza kujifunza uuguzi kwa kuusahau. Mwenye msimamo na aende. Asiye nao asipite hapo.

Ya nne ni kazi iliyo karibu na yetu: kuandikisha wagonjwa mapokezi, kutunza majalada, kujaza vitabu vya MTUHA. Ni kazi safi, ya kukaa, na wazazi huipenda kwa sababu mtoto huvaa shati jeupe. Sisi tusioweza kuishi bila jalada hatuidharau. Walakini twasema kweli: mtu aweza kuhesabu wagonjwa wa malaria mwaka mzima asimshike mkono hata mmoja wao. Anayetaka kuwa afisa takwimu na aanze hapo. Anayetaka uuguzi ataona kwamba dirisha la mapokezi limemtenga na wodi.

Je, sisi twashauri nini? Twawagawa vijana katika mafungu matatu.

Kijana aliyefaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia asitafute kazi ya kwanza kabla ya kuomba chuo. Na aombe kwanza, tena asiombe kimoja tu. Kwetu hatuko mbali na vyuo: kipo cha Kolandoto karibu na mji wa Shinyanga, kipo cha Nkinga upande wa Igunga, kipo cha Sengerema, na viko vingine Mwanza. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, mzazi ahakikishe chuo kimesajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani NACTVET, na ya kuwa kozi yenyewe imeidhinishwa. Karani yeyote mwenye simu aweza kumtazamia. Mtu amelima tumbaku tangu kitalu hata bani, ameipeleka chama cha msingi, amengoja malipo kwa saburi. Fedha hiyo ikiingia katika chuo kisichotambuliwa hairudi, na miaka ya mtoto hairudi pia. Kazi ya uhudumu kwa kijana huyu iwe ya kungojea chuo au ya kutafutia ada.

Kijana wa fungu la pili ni yule aliyekosa somo moja au mawili. Huyo ndiye wa kuangaliwa sana, kwa kuwa ndiye anayepotea. Twamshauri, nafasi zikitangazwa katika kitongoji chake, aombe uhudumu wa ngazi ya jamii, na papo hapo ajiandikishe kurudia masomo aliyokosa kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mambo haya mawili yafanywe pamoja. La kwanza pasipo la pili ni usingizi. Mchana atapita kwa wagonjwa, na jioni atasoma. Akipata uhudumu wa zahanati badala yake, sharti ni lile lile, tena ajiwekee mpaka: miaka 2, isizidi 3. Auandike mwaka ule ukutani. Ukifika hajafaulu, basi akae na wazee wake ashauriane nao upya, kuliko kuendelea tu kwa mazoea.

Fungu la tatu ni kijana aliyefaulu lakini hana hakika na moyo wake. Huyo na aanze wodini, wala asione haya ya ndoo na ufagio. Mwuguzi asiyejua kumsafisha mgonjwa hajui uuguzi. Na hapa tunasema neno kwa vijana wa kiume wa kwetu, ambao husema kazi hii ni ya wanawake. Tumewaona wanaume wauguzi katika hospitali zetu, na mgonjwa aliyevunjika mguu shimoni, anayehitaji kuinuliwa kitandani, hajapata kuuliza kama aliyemwinua ni mwanamume au mwanamke.

Wako watakaotujibu kwa methali: "Mchagua jembe si mkulima." Watasema kijana maskini hana nafasi ya kuchagua, na ashike kilichopo. Twaiheshimu methali hiyo, nayo ni ya kweli kwa mvivu anayengoja jembe la fedha huku mvua inapita. Lakini mkulima wa kweli, ijapokuwa hachagui jembe, huchagua shamba na huchagua mbegu. Hapandi mpunga mlimani. Sisi hatusemi kijana akatae kazi ndogo. Twasema aijue kazi ndogo inaelekea wapi.

Wako pia watakaosema, "Kwa nini ataabike hivyo kwa miaka mitano au sita, na migodi iko karibu?" Ni kweli, dhahabu yatuzunguka: Geita wachimba tangu mwaka 2000, Bulyanhulu tangu mwaka 2001. Lakini tuikumbuke Buzwagi, hapa hapa Kahama. Mgodi ule ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, na uzalishaji ukakoma mwaka 2021. Waliofanya kazi pale walitoka wakiwa bado vijana. Dhahabu yakwisha, wagonjwa hawaishi. Leseni ya mwuguzi yafaa Ulowa, yafaa Dar es Salaam, yafaa mwaka huu na yafaa miaka thelathini ijayo, mradi mwenyewe aihuishe kama sheria isemavyo.

Twaongeza onyo moja kwa kijana aliyekwisha kuingia kazi ya mwanzo. Itafika siku ambayo mwuguzi hayupo, na mtu atasema, "Wewe umeona mara nyingi, mchome sindano tu." Akatae kwa adabu. Si kwa kiburi, bali kwa sababu hajafundishwa, na sheria haimlindi, na mgonjwa akidhurika hakuna atakayesema kwamba alitumwa. Aliyemtuma hatakuwapo. Afanye aliyofundishwa, apige simu, atafute gari, asimwache mgonjwa peke yake. Mama yetu yule wa miaka 19 alifanya mengi kwa huruma, na Mungu alimsaidia. Lakini yeye mwenyewe alituambia kwamba kila alfajiri baada ya usiku wa namna ile mikono yake ilitetemeka.

Sasa neno la mwisho ni kwetu sisi wenyewe, wanachama. Ni rahisi kuwashauri vijana; ni vigumu kidogo kujitazama. Mhudumu aliyeajiriwa na halmashauri hawezi kwenda masomoni kwa kutaka tu. Sharti awe amethibitishwa kazini, jina lake liwemo katika mpango wa mafunzo wa mwajiri, na apewe ruhusa kwa maandishi. Akiondoka pasipo ruhusa, hata arudi na stashahada na leseni, aweza kupata taabu kubwa kubadilishiwa kada, akabaki mhudumu katika karatasi ilhali ni mwuguzi kichwani. Na mipango hiyo ya mafunzo, wenzetu, nani huiandika? Ni sisi. Barua ya kuomba ruhusa hulala katika tray ya nani? Ni yetu. Tumewahi kuiona barua ya namna hiyo imekaa miezi saba chini ya majalada katika ofisi moja ambayo hatuitaji, mpaka muhula ukapita. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila mtu alikuwa na kazi nyingi.

Kwa hiyo twaomba chama kikubali mambo matatu, nayo hayahitaji fedha. Kwanza, kila mwanachama anayeandika barua ya kijana ya kuomba kazi ya afya amwulize kwanza habari ya Kemia, Baiolojia na Fizikia, na jibu lake aliandike. Pili, wanachama wawili au watatu waende kila mwaka katika sekondari zetu za kata, wazungumze na wanafunzi wa kidato cha pili kabla hawajachagua masomo, wawaambie kwa lugha nyepesi ni somo gani lafungua mlango gani. Tatu, sisi tunaotunza majalada ya watumishi tupitie orodha ya wahudumu wote wa afya walio chini yetu, tuone ni wangapi wana sifa za kwenda chuo na hawajaambiwa, na majina yao tuyapeleke kwa wakuu kabla ya bajeti, si baada yake.

Chama cha watumishi Waafrika wa serikali, kilichoanzishwa Tanga mwaka 1922 na Bwana Martin Kayamba na wenzake, kilikuwa cha makarani na walimu, watu wa kalamu kama sisi. Waliona kwamba mtumishi mmoja mmoja hapandi, bali hupanda akiwa na wenzake wanaomwonyesha njia. Sisi tulioirithi kalamu ile tusiitumie kufunga majalada tu.

Mama yetu yule bado yuko kazini. Mwaka huu amejiandikisha kurudia mtihani. Ana miaka arobaini na kitu, na jioni husoma Kemia pamoja na binti yake aliye kidato cha tatu, kitabu kimoja, taa moja. Hatujui kama atafaulu. Lakini binti yule hakuiacha Kemia, na sababu twaijua.

Hayo ndiyo maoni yetu. Mwenye maoni mengine na ayaandike, ili vijana wapate faida.

Sisi wenzenu katika kazi,
Karani, Ushetu